Tarehe 12 Aprili ina nini? Gumzo la ukoo, Nkuhungu

Mjomba Mazengo: Mbukwa wote. Mshenga kapiga simu asubuhi hii. Wenzetu wa Kondoa wanaleta mahari tarehe 12 Aprili, saa 4 asubuhi. Mnasemaje?

Mama Neema: Sisi tuko tayari kaka. Kuku wa kienyeji nitawatafuta mapema kabla bei haijapanda.

Shangazi Mwendwa: Mimi sikubali. Tarehe nyingine yoyote, hiyo hapana.

Neema: Shangazi jamani 🙈 kuna nini tena?

Shangazi Mwendwa: Ndiyo siku aliyokufa Waziri Mkuu Sokoine. 1984. Katoka hapa hapa Dodoma kwenye Bunge, Dar hakufika. Gari likapata ajali Dakawa. Mahari tuipokee siku kama hiyo?

Babu: Tarehe ni hiyo kweli. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetutangazia redioni. Sokoine alikuwa na miaka 45 tu. Mwaka mmoja nyuma yake, kwenye msako wa wahujumu uchumi, watu walikuwa wanatupa sabuni na vitenge usiku kwa kumwogopa. Ukiamka asubuhi unakuta mzigo porini hauna mwenyewe.

Mjomba Mazengo: Na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuuokota 😂

Shangazi Mwendwa: Msicheke. Kuna ujumbe nimetumiwa na mwenzangu wa jumuiya. Rais Roosevelt wa Marekani alikufa 12 Aprili 1945. Vita vya wao kwa wao huko huko vilianza 12 Aprili 1861, ngome ya Fort Sumter ilipopigwa mizinga. Siku ina nuksi hiyo.

Baraka: Shikamoo shangazi, shikamoo babu. Aliyeandika huo ujumbe kachagua misiba tu. 12 Aprili 1961 ndiyo siku Yuri Gagarin alipokwenda anga za juu, binadamu wa kwanza. Akazunguka dunia, safari nzima dakika 108, akashuka salama kwa mwavuli. Waliomwona kwanza ni bibi na mjukuu wake, walikuwa shambani kwenye viazi. Wanaona mtu wa suti ya rangi ya machungwa na kofia kubwa nyeupe anawajia.

Babu: Ningekuwa mimi naamia ndege kwenye uwele, ningemrushia kombeo.

Neema: 😂😂 Babu!

Shangazi Mwendwa: Huyo mmoja.

Baraka: Wa pili: chombo cha Columbia cha Wamarekani kiliruka mara ya kwanza 12 Aprili 1981. Miaka 20 kamili baada ya Gagarin.

Shangazi Mwendwa: Columbia si ndiyo ile iliyovunjika na watu ndani? Unaona sasa!

Baraka: Ilivunjika 1 Februari 2003, wakafa watu 7. Siyo 12 Aprili. Halafu sikiliza, Columbia ilipangiwa kuruka tarehe 10. Kompyuta zake zikagoma kwenda pamoja, safari ikasogezwa siku mbili. Ndiyo ikaangukia siku ya Gagarin. Hakuna aliyeipanga hiyo siku, wala siku yenyewe haikumwita mtu.

Mjomba Mazengo: Hapo kasema. Mwendwa, 26 Aprili tunapandisha bendera ya Muungano wa 1964. Tarehe hiyo hiyo mwaka 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka. Tuvunje Muungano?

Shangazi Mwendwa: Wewe ulianza ubishi ungali tumboni.

Mama Neema: Wifi, huyo Roosevelt si ndiye aliyekuwa hatembei vizuri?

Baraka: Ndiye mama. Aliugua 1921, wakasema ni polio, miguu ikapooza. Baadaye akaanzisha taasisi ya kupambana na polio, wananchi wakaichangia kwa sarafu za senti kumi kumi. Hizo hela ndizo zilizogharamia kazi ya daktari Jonas Salk. Wakaifanyia majaribio makubwa chanjo yake, watoto kama milioni 1.8 wakashiriki. Matokeo kwamba inafanya kazi yakatangazwa 12 Aprili 1955, miaka 10 kamili tangu Roosevelt afariki. Hiyo ni ile ya sindano, matone yalikuja baadaye.

Mama Neema: Kumbe.

Babu: Kaka yangu aliyenifuata mgongo alikuwa na mguu wa polio. Mwendwa humkumbuki, ulikuwa mdogo. Alikuwa anatembelea fimbo ya mpingo, na mbio za mbuzi hakuna aliyemshinda.

Shangazi Mwendwa: Namkumbuka baba. Alikuwa ananibeba.

Shangazi Mwendwa: Haya. Waje hiyo tarehe 12. Ila kabla ya maneno yoyote tunaanza kwa sala, na Sokoine atajwe.

Neema: Asante shangazi yangu ❤️

Babu: Atatajwa. Nitamtaja mimi.

Mjomba Mazengo: Imepita. Sasa, Baraka kasema Wamarekani walichangia senti kumi kumi mpaka chanjo ikapatikana. Kwenye daftari la hapa ni watu wanne tu waliotoa elfu ishirini yao ya turubai na viti. Baraka wewe hujatoa.

Baraka: Mjomba mtandao unasumbua

Mjomba Mazengo: Wa Gagarin haukusumbua. Tuma kwenye namba yangu ile ile, na ya kutolea uweke.