Acheni kupulizia dawa ya vioo kwenye shandelia ikiwa juu, mnaharibu taa za watu!

Wakuu, hili limepita kiasi. Watu wanaojitangaza kuwa wataalamu wa usafi wa majumbani, pamoja na video fupi zinazozunguka kwenye simu, wamewazoesha wenye nyumba njia moja tu ya kusafisha shandelia, zile taa za mapambo zinazoning'inia darini zikiwa na vipande vya kioo viitwavyo fuwele. Tandika shuka sakafuni, simama kwenye ngazi na chupa ya dawa ya vioo, pulizia mpaka ichuruzike, subiri ikauke, chukua hela uondoke. Jioni hiyo taa inang'aa kweli. Miezi michache baadaye pini zinakatika moja moja, fuwele zinadondokea meza, breka inajikata yenyewe, na lawama anabebeshwa fundi umeme ambaye hata hakuwepo.

Elewa kwanza kinachotokea pale juu. Dawa nyingi za vioo zina amonia. Pini zinazounganisha fuwele na fuwele kwa kawaida ni waya wa shaba njano uliopakwa tabaka jembamba la nikeli, kromu au rangi ya dhahabu. Kila pini imekunjwa, na palipokunjwa tabaka limeshapasuka kidogo. Amonia ikiingia hapo inaila shaba kwa ndani, na kwa kuwa pini inavutwa na uzito saa 24, inapasuka pale pale kwenye mkunjo. Fuwele yenyewe haina kosa, ila inapofika sakafuni ni vipande.

Halafu kuna umeme. Mkono wa shandelia unashuka kisha unapanda, na mwisho wake kuna kisahani, juu yake holda ya balbu. Kisahani kile kinakusanya kila tone linalotoka juu. Katikati yake kuna tundu, na waya unapita humo humo. Maji yanaingia kwenye mkono, yanatuama sehemu ya chini ya mkunjo ambako hakuna upepo, na yanakaa huko siku kadhaa na waya wenye volti 230. Kama taa yako ni ya LED yenye draiva (kifaa kinachoipa LED umeme unaofaa) ndani ya kikombe cha darini, ukipulizia kwa juu umeilenga draiva yenyewe. Na kwenye taa za haloji, tone moja la maji baridi kwenye balbu ya moto linatosha kuipasua usoni mwako.

La pili linalonikera ni kuizungusha. Fundi anasafisha upande mmoja, anaona uvivu kuhamisha ngazi, anaisukuma taa izunguke. Taa nyingi zimeshikwa na bomba lenye nyuzi za skrubu za M10, yaani kipenyo cha milimita 10, na uzi hadi uzi ni milimita 1. Ukizungusha upande mmoja unafungua nyuzi, ukizungusha upande wa pili unasokota waya ndani ya mnyororo. Taa ya kilo 15 inashuka kidogo kila mwaka bila mtu kujua mpaka siku inapokuja yote. Hamisha ngazi! Shandelia haizungushwi hata robo mzunguko.

Sasa njia sahihi, na naomba muisambaze kama mlivyosambaza zile video.

Zima kwenye breka, siyo swichi ya ukutani. Baadhi ya nyumba zetu zimefungwa vibaya, swichi inakata nyutro (waya wa kurudisha umeme) na waya wa moto, wenye umeme, unabaki kwenye holda. Pima kwa tesita kabla hujagusa. Na umeme ukikatika wa mtaa mzima usiseme "sasa ni salama", kwa sababu utarudi mkono wako ukiwa ndani ya taa. Mwenye inveta au jenereta linalowaka lenyewe ndiyo azime kabisa vyote. Subiri nusu saa balbu zipoe. Piga picha pande nne, kwa karibu, hasa mpangilio wa minyororo ya fuwele, kwa sababu ukishaitoa hutakumbuka. Weka godoro chini, shuka halizuii kitu kuvunjika. Ngazi iwe ya miguu minne, na mtu wa pili awepo chini wakati wote.

Mchanganyiko: sehemu 1 ya isopropili, aina ya spiriti, ile wanayotumia mafundi simu kusafishia bodi, kwa sehemu 3 za maji yaliyochujwa chumvi. Maji hayo yanauzwa maduka ya spea za magari kama maji ya betri. Soma lebo, maana kwenye rafu hilo hilo huwa kuna asidi ya betri, na hiyo itakuunguza wewe na taa. Msitumie maji ya kisima. Dar es Salaam na Mombasa visima vingi vina chumvi, na tone likikauka linaacha doa jeupe ambalo ni gumu kulitoa kuliko vumbi lililokuwepo. Kwa shandelia ya mikono 8 nusu lita inatosha na inabaki. Mchanganyiko huu unawaka, kwa hiyo hakuna sigara, hakuna jiko, fungua madirisha.

Vaa glavu mbili nyeupe za pamba. Pulizia glavu ya kulia, USIPULIZIE TAA. Ishike fuwele kwa mkono wenye unyevu, ipanguse, kisha ikaushe kwa mkono mkavu palepale. Anza juu, shuka chini. Glavu ikichafuka badilisha, kwa sababu vumbi la mchanga likibaki kwenye kitambaa linachora kioo. Fremu ipanguse kwa kitambaa kikavu tu, au chenye unyevu kidogo tu, kisha ikaushe. Kazi hii kwa taa ya kawaida ya sebuleni inachukua saa mbili hadi tatu. Anayekuambia dakika 15 anakudanganya.

Nyumba inayofukizwa udi na ubani, au sebule iliyoungana na jiko la kukaangia, ina tatizo lake. Moshi una mafuta, na vumbi linanatia juu yake. Kupangusa hakutoshi, fuwele zinavuliwa. Beseni lenye taulo chini, maji vuguvugu, matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo, fuwele chache kwa wakati zisigongane. Suuza, kausha mara moja kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Maji ya moto hapana, kioo kizito hupasuka kwa mabadiliko ya joto. Sabuni ya unga hapana, magadi yake hufifisha kioo. Pini zilowe muda mfupi iwezekanavyo. Na kipindi cha kumbikumbi, fungua vile vikombe vya kioo vinavyozunguka balbu kila wiki, mbawa na mizoga ikirundikana juu ya balbu huungua na kuacha rangi ya kahawia isiyotoka.

Naomba pia tuache kusugua fremu kwa ndimu na majivu. Sinia la shaba tupu linastahimili, bibi zetu wamelisugua hivyo miaka yote. Fremu ya shandelia nyingi za dukani ni chuma chenye ngozi nyembamba ya rangi ya dhahabu. Ukisugua mara mbili umefika kwenye chuma, na kwa hewa ya chumvi ya pwani kutu inaanza haraka. Dawa za kung'arishia shaba nazo mara nyingi zina amonia, rudi aya ya pili.

Wauzaji, nanyi mna deni. Mnauza akriliki, ambayo ni aina ya plastiki, kwa jina la fuwele, bila kumwambia mteja. Akriliki ikiguswa na spiriti au amonia inapata nyufa ndogo kama utando na haitengenezeki. Inasafishwa kwa maji na sabuni laini peke yake. Mteja atajuaje? Ashike: kioo ni kizito na baridi mkononi, akriliki ni nyepesi na haina ubaridi, na ikigongwa kwa kucha inalia kama plastiki. Lakini hakupaswa kubahatisha, ni kazi yenu kusema. Na mbona taa ya bei ya kiwanja haina hata pakiti ya pini za akiba wala karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili?

NYONGEZA baada ya kusoma majibu:

Aliyesema "mimi yangu imefungwa kwenye jipsam na haijaanguka", tafadhali usingoje. Bodi ya jipsam haibebi shandelia, iwe na plagi za plastiki au bila. Kulabu lishike zege kwa boliti ya chuma inayotanuka, au boriti ya mbao juu ya dari. Kiwango cha kimataifa cha taa, IEC 60598, kinataka mfumo wa kuning'iniza ustahimili mzigo wa ziada wa mara 4 ya uzito wa taa kwa saa 1. Uzito wa maji yanayochuruzika si tatizo, tatizo ni mtu kuivuta na kuisukuma wakati wa kusafisha.

Aliyeuliza kuhusu kumbi na misikiti: taa kubwa hupangiwa matunzo tangu inapochorwa. Ile ya Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, Muscat, Oman, yenye urefu wa mita 14, ina ngazi na majukwaa ndani yake ya kupitia wahudumu. Ukumbi wa harusi wenye dari ya mita 6 ufunge winchi ya kushushia, yenye waya wa usalama wa pili. Kukodi jukwaa kila mara ni gharama, na ndiyo maana watu wanakimbilia bomba la kupulizia.

Aliyeuliza kuhusu balbu: lebo ikisema 40 W mwisho, usiweke balbu ya 60 W ya kizamani, ile ya waya unaowaka ndani. Joto linaunguza ule mshumaa wa plastiki unaofunika holda, na ganda la waya. Balbu 9 za LED za wati 5 zinakula wati 45 badala ya 360 za balbu 9 za wati 40, na hazichomi kitu.

Na mliokwisha kupuliziwa, fanyeni hivi. Zimeni breka, taa isiwashwe siku mbili, fungueni visahani vyote vikauke. Angalieni tundu la waya na miguu ya holda: ukiona unga wa kijani, holda hiyo inabadilishwa, haisuguliwi. Vuteni kila pini taratibu kwa vidole, inayofunguka au yenye ufa ibadilishwe kwa pini ya chuma kisichoshika kutu, mkitumia koleo ya mdomo mwembamba. Kisha mwite fundi apime ukinzani wa ganda la nyaya kwa kipimo cha volti 500, draiva za LED zikiwa zimetolewa. Ikisoma chini ya megaomu 1, taa hiyo isirudishiwe umeme mpaka nyaya zivutwe upya.