3S ya RAV4 SI 3S ya Celica! Mnatuulia moteri na hiyo "inabeba shevo 250"

Ndugu zangu wa L'shi (Lubumbashi), ninyi mnaoandika hapa kwamba kila moteri (injini) ya Toyota inayoitwa 3S inabeba shevo (nguvu za farasi) 250 ukiifunga turbo, ninaandika nikiwa na pistoni namba 3 mkononi. Ule ukuta mwembamba kati ya segmenti (ringi ya pistoni) ya kwanza na ya pili umemeguka kama ukingo wa sahani. RAV4 imelala uani wiki ya pili sasa.

Fundi alinihakikishia: "Yaya, usiogope, ile ni 3S, inabeba 250 bila kufunguliwa." Akafunga turbo iliyokwisha kutumika, ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya moteri, akaweka presha bar 0.7, akapokea pesa. Hakubadilisha injekta, zile zinazonyunyiza esanse (petroli). Hakurudisha nyuma avansi, yaani wakati wa kuwasha cheche. Nikatoka mjini kwenda Likasi, kilometa 120, familia ndani, gari linaruka. Nusu ya njia likaanza kugonga chini ya bonneti, tik-tik-tik, halafu moshi wa buluu.

Iliyobeba hizo shevo ni 3S-GTE, ile ya Celica GT-Four. Toyota waliitoa kiwandani na turbo, shevo 255 kule Japani, mgandamizo 8.5 kwa 1, na midomo inayorusha oili chini ya pistoni kuzipoza. Ya RAV4 ni 3S-FE: shevo 135, mgandamizo unapita 9 kwa 1, na pistoni ambazo hazikuundwa kusukumwa na turbo. Lita 2 zilezile, herufi tu zinazofuata 3S ndizo tofauti, na mtu anakuja hapa kuandika "3S ni ngumu, ongeza tu"!

Na mwinuko, mbona hamuutaji? Lubumbashi tuko karibu mita 1,200, hewa ya kawaida ni kama bar 0.88. Ongeza 0.7, moteri inavuta karibu mara 1.8 ya hewa iliyozoea hapa. Esanse ya hewa yote hiyo itapita wapi, kwenye injekta zilizopimwa kwa shevo 135? Mchanganyiko unakauka (hewa nyingi, esanse kidogo), moto unapanda, esanse inalipuka kabla ya wakati wake, na kila mlipuko wa namna hiyo ni nyundo juu ya pistoni. Wengine wetu tunanunua esanse ya bidoni kando ya barabara, oktani yake (uwezo wa kuzuia kugonga) haijulikani. Basi kugonga kunakuja mapema zaidi.

Shevo peke yake haiui moteri. Bieli, mkono unaoshika pistoni, inapinda ukiisukuma kwa nguvu nyingi ikiwa bado mizunguko 2,500, pistoni inavunjwa na kule kugonga. Gari mbili zenye shevo 200 zilezile, moja itadumu miaka, nyingine itakufa njia ya Likasi.

Fundi anasema eti mimi niliendesha vibaya. Dola 900 zangu hataki kuzigusia.

Wewe unayetaka kujibu "yangu inabeba": andika kwanza herufi zote za moteri, presha, injekta za gari gani, avansi nani aliipima, na umetembea kilometa ngapi tangu siku hiyo. Kama huna hayo, nyamaza. Nilikuwa na watoto kwenye kiti cha nyuma.