Kafungwa kwa alichoandika: kulimishwa shamba la gereza ni halali?

Shangazi wa Kilosa: Wakuu, mwenye kuijua sheria anisaidie. Mtoto wa kaka yangu aliandika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kwamba pesa za kisima zimeliwa, akataja na cheo cha aliyezila. Hakumtisha mtu. Akashtakiwa kwa kusambaza taarifa za uongo mtandaoni, faini milioni 5 au miaka 3 jela. Milioni 5 tuitoe wapi? Yuko ndani. Jumapili nimekwenda kumwona, viganja vimejaa malengelenge, moja limepasuka na udongo umeingia. Analima mahindi ya gereza, na akibaki nyuma kwenye tuta nyapara yuko juu yake. Mwizi akilima sina neno. Huyu kaiba nini? Nasikia kuna mkataba wa kimataifa unaokataza mtu kufanyishwa kazi kwa sababu ya maoni yake. Ni kweli au maneno ya vijiweni?

Mzee wa Chama: Pole sana dada. Ni kweli. Huo ni Mkataba Na. 105 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa 1957. Tanganyika iliuridhia 1962.

Watu wengi wanachanganya hapa. Mkataba wa zamani, Na. 29 wa 1930, unaruhusu mfungwa aliyehukumiwa na mahakama afanye kazi, mradi asimamiwe na serikali na asikodishwe kwa kampuni au mtu binafsi. Kwa mkataba huo jembe la kijana wako halina kosa. Lakini Na. 105 unauliza kafungwa kwa nini. Kama ni kwa kutoa maoni ya kisiasa kwa amani, hapaswi kulazimishwa kazi yoyote, hata nyepesi. Na kwetu Sheria ya Magereza ya 1967 inamlazimisha kila mfungwa aliyehukumiwa kufanya kazi. Basi kila sheria inayomfunga mtu kwa maneno inazaa kazi ya shuruti, hata kama haikutaja jembe.

Ndiyo maana Kamati ya Wataalamu ya ILO, watu 20 wanaokutana Geneva kila mwaka, inasoma sheria za habari na za mtandao ingawa ni kamati ya mambo ya kazi. Sheria yetu ya Magazeti ya 1976, iliyofutwa 2016, waliihoji. Wanaotetea kisima cha kijiji nao, kwa maoni yangu, wanasema siasa. Hakuna siasa iliyo karibu na mwananchi kuliko maji.

Shangazi wa Kilosa: Naweza kuwaandikia hao wataalamu mwenyewe?

Mzee wa Chama: Hapana, na hilo linaniuma. Wanapokea maoni ya vyama vya wafanyakazi na vya waajiri. Pitia TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, wape nakala ya hukumu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu hapo Arusha iliamua mwaka 2014, kesi ya mhariri Konaté wa Burkina Faso, kwamba kumfunga kwa kashfa kulivunja haki yake. Ila serikali yetu ilijitoa 2019 kwenye tamko linaloruhusu raia kwenda huko moja kwa moja.

Afande Mstaafu: Nimelinda wafungwa karibu maisha yangu yote ya kazi. Anayekaa bure ndiye anayeugua na kugombana. Askari anaangalia hati ya kifungo, hachagui nani alime. Lakini kidonda hicho akione mganga wa gereza leo hii, akisema apumzike anapumzishwa.

Mzee wa Chama: Afande, sikulaumu askari. Tatizo liko Bungeni.

Dada, usisubiri Geneva. Hukumu ni ya lini? Taarifa ya kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 10, rufaa yenyewe siku 45, na katika hizo 45 muda wa kusubiri nakala ya hukumu hauhesabiwi. Kijana anaweza kuipitisha kwa mkuu wa gereza bila wakili.

Shangazi wa Kilosa: Hukumu ni wiki iliyopita, Jumanne. Kesho asubuhi niko gerezani.