Gari jipya: kiti cha abiria kinachopanda, viti vya kitambaa, spea tairi, paa la bati. Lipo?

Mrefu193

Wakuu, habari za wakati huu. Huu ni mwezi wa pili nazunguka na sijapata, naomba mnisaidie kufikiri.

Natafuta gari dogo jipya la milango mitano. Nina mahitaji manne tu. Kwanza, kiti cha mbele cha abiria kiwe kinapanda na kushuka. Mama yangu alibadilishwa nyonga mwaka jana. Kiti kikiwa chini, kuingia anakuwa kama anatumbukia, na kutoka ndiyo kazi yenyewe: mimi namshika makwapani, yeye anajikaza asilie. Pili, viti viwe vya kitambaa, maana kwenye ngozi kila nikifunga breki anateleza mbele na mkanda unampanda tumboni. Tatu, paa liwe la bati. Nina urefu wa sentimita 193, na kwenye lile lenye paa la kioo, reli na pazia lake vimeshusha dari mpaka nikaendesha shingo upande. Nne, spea tairi. Sitaki kupewa chupa ya gundi na pampu. Ubavu wa tairi ukichanika gundi haifanyi kitu, na mimi sitaki kukwama usiku kando ya barabara nikiwa na mgonjwa.

Modeli niliyoipenda ina matoleo matatu. La chini na la kati yana kitambaa, bati na spea, lakini kiti cha abiria hakipandi wala hakishuki. La juu kiti kinapanda kwa kitufe, ila ni lazima uchukue na ngozi na paa la kioo, na kwenye shimo la spea wameweka spika ya besi! Nikisema nataka kiti peke yake, muuzaji ananijibu, "Hicho kiko kwenye kifurushi." Kinachoniuma ni kwamba kiti hicho kimehesabiwa pamoja na starehe, wakati kwa mama ni sawa na mkongojo wake.

Kuna aliyewahi kuupata mchanganyiko huu? Nawasilisha.

---

Meza ya Oda

Mkuu, pole sana na mpe mama pole. Nimeandika oda za magari mapya miaka 9, kwa hiyo niseme ninachokijua.

Muuzaji hakudanganyi. Chukua vitu 10 ambavyo mnunuzi anaweza kusema ndiyo au hapana kwa kila kimoja: tayari una magari 1,024 tofauti. Vikiwa 20, yanapita milioni. Kila gari linahitaji waya zake, kwa sababu waya hufungwa pamoja kabla hazijaingia kwenye bodi, na kiti cha umeme kina waya ambazo kiti cha kawaida hakina. Ndiyo maana kiwanda kinafunga vitu kwa vifurushi. Kifurushi kinawarahisishia wao, na wewe mwenye sababu yako ya pekee ndiye unayebanwa.

Ushauri wangu: gawa mahitaji yako mafungu mawili. Kuna vinavyoweza kuongezwa baadaye na kuna visivyoweza. Spea inaongezeka, mradi shimo lake lipo chini ya buti na hakuna kilichowekwa humo. Kitambaa juu ya ngozi, hapo kuwa makini: viti vingi vya mbele vina mfuko wa hewa ubavuni, ule unaojaa ghafla wakati wa ajali, na kava isiyoshonwa kwa ajili ya kiti hicho inaweza kuuzuia kufunguka. Paa la kioo halirudi kuwa bati. Kwa hiyo anza na paa, kisha kiti, spea iwe ya mwisho.

Tena usiulize "lipo yadi?" Gari la yadini liliagizwa na muuzaji kwa kukisia kitakachonunuliwa haraka. Omba kitabu cha oda cha kiwanda, kile chenye misimbo, usitegemee brosha. Mara kwa mara humo kuna kitu kinachoweza kuagizwa chenyewe na muuzaji wa mbele hajawahi kukiuza. Uliza pia kuhusu magari ya mahitaji maalumu. Toyota, kwa mfano, wana magari waliyoyaita Welcab, na baadhi yake kiti cha mbele kinageuka kuelekea mlangoni. Hayauzwi kila soko, ila kuuliza hakugharimu.

Ukifikiria kumpa fundi afunge kiti kinachozunguka, muulize kwanza atafanya nini na sensa ya uzito iliyo chini ya kiti cha abiria. Kwenye baadhi ya magari sensa hiyo ndiyo inayosaidia kuamua mfuko wa hewa wa mbele ufunguke au la. Fundi akibabaika, ondoka.

---

BibiViungo

Mwanangu, mimi nafanya kazi ya mazoezi ya viungo, na wagonjwa wa nyonga ndio ninaowaona kila siku. Naona unatafuta kitufe, na mama anachohitaji ni kimo. Hivyo ni vitu viwili.

Chukua futi ya fundi cherehani. Pima kiti cha nyumbani ambacho mama anainuka bila kushikwa, kutoka sakafuni hadi pale anapokalia, na mto ukiwa umebonyea. Halafu nenda na futi hiyo kwenye magari, upime kutoka chini hadi kwenye kiti. Ukipata gari ambalo kiti chake kimefikia kimo hicho chenyewe, hitaji la kitufe limekwisha. Lisiwe refu mno pia, akaanza kupanda kama ngazi. Angalia na kizingiti cha mlango: kikiwa kipana, mguu lazima uvuke mbali, na nyonga hapo ndipo inapolalamika.

Na namna ya kuingia: kiti kirudishwe nyuma kabisa, mgongo wake ulazwe kidogo, mama akae kwanza akiwa ameipa gari mgongo, ajisogeze ndani, ndipo miguu ifuate pamoja. Asitangulize mguu mmoja. Siku ya kujaribu gari nenda naye. Wewe huwezi kukalia nyonga yake.

---

Spea Mkononi

Nyongeza ndogo. Ukishapata, kila kitu kiandikwe kwenye mkataba kwa msimbo wake. Mimi niliandikiwa "kama toleo la kati", nikapokea gari, nikainua zulia la buti nikakuta sponji imechongwa vizuri kabisa, spea hakuna. Muuzaji akanionyesha maneno yake madogo: vifaa vinaweza kubadilika. Na kweli hubadilika. Mwaka 2021 chipu za kompyuta zilipoadimika, BMW waliuza baadhi ya magari bila skrini ya kugusa, na General Motors wakaondoa joto la viti kwenye baadhi ya yao. Andika kwamba kifaa chochote kati ya vinne kikikosekana, arubuni inarudi yote. Na kabla ya kusaini kupokea, inua zulia.

---

Mrefu193

Wakuu, narudi na mrejesho, asanteni kwa moyo wote.

Bibi, nilipima. Kiti cha mama cha jikoni ni sentimita 57. Gari nililolipenda: 48. Hata lile la juu, kiti kikipandishwa mpaka mwisho, lilifika 53. Yaani ningebeba ngozi, kioo na spika, na mama angeendelea kutumbukia. Miezi miwili nimekimbizana na kitu ambacho kisingemsaidia.

Lipo lingine la kampuni hiyohiyo, injini ileile, limeinuka zaidi. Kiti chake 59, toleo la kati, kitambaa, paa la bati. Tulikwenda wote. Mama alikaa kwanza, akajisogeza, miguu ikafuata. Mimi nilikuwa nimeshatanguliza mikono kumshika, na hakunihitaji. Kutoka pia alitoka mwenyewe, polepole. Dari inaniachia vidole vinne.

Meza ya Oda, ulisema kweli. Spea imo kwenye kitabu cha oda peke yake, na muuzaji mwenyewe alishangaa kuiona. Nilichopoteza ni rangi ya buluu, maana toleo hilo ni jeupe au la kijivu tu. Nimechukua jeupe. Misimbo yote iko kwenye mkataba, na sharti la arubuni limeandikwa kwa mkono pembeni na pande zote mbili zimesaini.

Tumeambiwa tusubiri wiki 11. Mama aliuliza jambo moja tu, kama mshikio wa juu ya mlango upo upande wake. Nimerudi kuangalia. Upo.