Naomba ushauri: Frankenstein ya 1818 au ya 1831?

Habari zenu wapenzi wa vitabu, hapa Kisumu na kwingineko. Mwezi wangu wa riwaya za njozi na za kutisha umebakiza juma moja, nami nimekwama kwenye Frankenstein ya Mary Shelley. Nina matoleo mawili. La 1818 lina juzuu 3, kila moja ikianza upya na sura ya 1; la 1831 lina sura 24 mfululizo. Elizabeth, mchumba wa mhusika mkuu Victor Frankenstein, naye habaki yuleyule: katika la 1818 ni binamu wa Victor, katika la 1831 ni yatima aliyechukuliwa kutoka kwa familia maskini Italia. Hilo linabadilisha uzito wa ndoa yao kabisa! Nimejaribu kusoma sura kwa sura sambamba, lakini namba hazilingani na uzi wa hadithi unakatika.

Je, nimalize lipi kwanza? Na mnaandikaje kumbukumbu za matoleo mawili bila kuyachanganya? Natanguliza shukrani.