Kiholanzi: namna ya kusema chakula ninachokipenda

Mkaazi wa Entebbe
Salaam, ndugu zangu. Najifunza Kiholanzi kwa ajili ya masomo ya chuo kikuu cha Wageningen, Uholanzi, na kinachonikwamisha ni chakula. Katika Kiswahili "napenda" inatosha: napenda matoke, napenda kula matoke. Nikaandika "Ik graag vis" nikikusudia kusema napenda samaki, na mwalimu akaikata kwa kalamu nyekundu bila maelezo. Kosa liko wapi?

Mwalimu wa Jinja
Ndugu yangu, "graag" ni kielezi, hivyo hakisimami pasipo kitenzi. Sema "Ik eet graag vis", yaani nala samaki kwa kupenda. Katika kulinganisha, "graag" hugeuka kuwa "liever", kisha "het liefst": "Ik eet liever vis dan vlees" maana yake napendelea samaki kuliko nyama. Angalia pia kwamba ukitanguliza "het liefst", kitenzi hubaki katika nafasi ya pili na kiima hukifuata: "Het liefst eet ik matoke". Hapa wengi wetu hujikwaa, kwa kuwa Kiswahili hakitudai kuhamisha kiima.

Dada wa Mbale
Shikamoo mwalimu, naomba kuongeza. "Lekker" ni kivumishi, nacho huandamana na kitenzi "vinden": "Ik vind vis lekker", naona samaki ni mtamu. "Lusten", yaani kupenda ladha ya kitu, huhusu chakula na kinywaji, na husikika sana katika kukanusha: "Ik lust geen lever", maini hayanipiti kooni. Nilipokuwa Utrecht, mji wa Uholanzi, mama aliyenikaribisha aliniuliza, "Lust je spruitjes?", yaani vile vikabichi vidogo vya kijani. Nilidhani anauliza kama nina hamu navyo wakati ule, na kwa kuwa nilikwisha kushiba nikajibu "nee". Tangu siku hiyo hakunipakulia tena, ingawa navipenda mno. Hamu ya sasa hivi ni "zin hebben in".

Mkaazi wa Entebbe
Asanteni sana. Mbona basi ni "Ik lust geen vis", lakini "Ik hou niet van vis", ilhali zote mbili ni sipendi samaki?

Mwalimu wa Jinja
Marahaba, dada. Ndugu, "geen" hukanusha nomino isiyo mahususi, nayo hukaa mbele yake moja kwa moja. Katika "houden van" (kupenda), ambayo ndiyo "hou ... van" ya sentensi yako, nomino imetanguliwa na "van", kwa hiyo "niet" huwekwa kabla ya "van". Vilevile utasema "Ik vind vis niet lekker". Ukitaka kukataa kwa adabu ukiwa mgeni, sema "Ik eet liever geen vis", yaani napendelea kutokula samaki, wala mwenyeji hataona umekidharau chakula chake.