Naomba ushauri: Materuni na Chemka kwa siku moja inawezekana?

Habari zenu wakuu. Jumamosi ijayo tunatoka Arusha marafiki sita kwa gari aina ya Noah, kwenda na kurudi. Asubuhi tunataka tupande Materuni, kijiji cha juu ya Moshi, kuona maporomoko, mchana tukaogelee kwenye chemchemi ya Chemka kupitia Boma Ng'ombe. Muda utatosha, au tuchague moja?

Kikubwa kwangu ni chakula. Wenzangu ni watu wa Pwani, natamani sana wale mtori, kiburu na machalari, vyakula vya ndizi vilivyopikwa nyumbani na mama wa Kichagga, siyo vya hotelini, na waonje mbege, ile pombe ya ndizi, yenye ulezi wa kutosha. Tumuone nani kijijini ili apike mapema?

Halafu mvua ikinyesha ile njia ya kwenda maporomoko huteleza, na mmoja wetu goti linamsumbua. Mliopita huko karibuni, naombeni mwongozo.